Vinyume vya Baba

Mume wangu ni fundi wa mabango. Kwa miaka thelathini na mitatu ameandika maneno makubwa kwenye kuta, milango na mabati ya watu: HATARI, MARUFUKU, BEI IMESHUKA, PUNGUZA MWENDO, USIEGEMEE HAPA. Akishika brashi, hakuna mtu wa kusisitiza jambo kama yeye. Herufi ya kusomwa na mtu aliye ng'ambo ya barabara, husema, isipungue urefu wa shibiri moja, na rangi yake ipigane na rangi ya ukuta. Lakini akishaosha brashi kwa thina na kuvuka kizingiti cha nyumba yake, mambo yote ya dunia yanakuwa madogo. Mtaani wanamwita Mzee Sikitu. Mimi ndiye mke wa Sikitu, na kama kuna mtu anaona jina hilo linachekesha, aje akae naye wiki moja.

Ngazi ikimwangusha kutoka juu ya duka, "imeteleza kidogo". Akigombana na mwenye duka mpaka wakakunjana mashati, "wamepishana maneno kidogo". Siku moja aliniambia wanakuja wageni wawili watatu. Nikahesabu watu kumi na mmoja sebuleni, na wawili wao walikuwa wamesimama kwa sababu viti vilikwisha.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na za kazini, na kwangu sentimita moja ni sentimita moja. Ukiipunguza, kola inamkaba mtoto wa watu. Ukiiongeza, suruali inamvuka mlinzi mbele ya geti. Sipunguzi na sitii chumvi. Mtu kama mimi ndiye niliyeolewa na mtu anayepima dunia nzima kwa neno "kidogo".

Kosa ni langu pia, sikatai. Nilikulia kwa watu wa kujikweza. Baba yangu aliita kibanda chetu jumba, na baiskeli yake aliizungumzia mpaka wageni wakatoka nje kutafuta gari. Kwa hiyo alipokuja kijana mmoja mwenye rangi kwenye kucha zote kumi, akamwambia baba yangu, "Mzee, nina kijumba, na kikazi changu cha brashi, basi," nikajisemea huyu ndiye. Kijumba chenyewe nikakikuta kina vyumba vitatu, sakafu ya saruji na bomba uani. Kikazi chenyewe kilikuwa kimejaa kwenye kila mtaa tuliopita. Nikajipongeza kwamba nimepata mwanamume asiyejisifu. Sikujua kwamba mkasi uleule unaokata sifa unakata na shida.

Nilianza kujua miezi minne baadaye. Alikuwa amesimama mlangoni, mimi nimeinamia cherehani. "Mvua inanyunya," akasema. Nikamaliza pindo la sketi nililokuwa nalo, nikanyanyuka. Ndala zangu zilikuwa zinaelea.

Tuna binti mmoja, ambaye siku hizi ni mwalimu. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, shuleni walikuwa wakifundishwa vinyume: juu na chini, dharau na heshimu, puuza na zingatia, punguza na ongeza. Akarudi nyumbani, akachukua karatasi ngumu ya baba yake, akapiga mstari katikati kwa rula, akaandika juu kwa herufi ambazo baba mwenyewe alimfundisha: VINYUME VYA BABA. Upande wa kushoto, "Baba akisema". Upande wa kulia, "Maana yake". Akaibandika nyuma ya mlango wa jikoni, na iko pale mpaka leo.

"Nachelewa kidogo" maana yake kuleni bila mimi. "Inanyunya" maana yake inueni magodoro. "Kijikohozi" maana yake homa ya mapafu. "Wawili watatu" maana yake kumi na mmoja. "Imeteleza kidogo" maana yake nimeanguka, leteni mtu mwenye gari. Aliendelea hivyo mpaka karatasi ikajaa. Chini kabisa, upande wa kushoto, aliandika "Si kitu". Upande wa kulia aliacha wazi.

Nikamuuliza mbona hakumaliza.

"Mama, hilo linabadilika," akasema. "Siku nyingine ni mlango umevunjika, siku nyingine ni mtu amekufa. Nitalijaza nikilijua."

Baba mtu aliisoma yote akiwa amesimama, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema M na E kwenye VINYUME zimebanana kidogo. Nikaziangalia. Zilikuwa zimepandana.

Lipo moja ambalo halichekeshi, na nitalisema mara moja nipite. Kabla ya binti huyu tulipata mtoto wa kiume, akazaliwa kimya, hana pumzi. Nilikuwa nimelala, nimegeukia ukuta, sitaki kuona mtu. Mume wangu akaja moja kwa moja kutoka kazini, na rangi yake vidoleni, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikaa muda mrefu. Halafu akasema, "Si kitu, mke wangu. Tupo."

Wiki tatu sikumsemesha. Nilipika, nikafua, nikamwekea maji ya kuoga, lakini neno halikunitoka. Nimebeba mimba miezi tisa, halafu mtu ananiambia si kitu! Baadaye nilimsamehe, au nilidhani nimemsamehe. Lakini kila aliposema hilo neno, hata kwa kikombe kilichovunjika, kuna mahali ndani yangu palikuwa panashtuka.

Basi, miaka mitatu iliyopita alianza kunywa maji kama mtu aliyetumwa ayamalize. Suruali nilizomshonea kwa mkono wangu zikaanza kumvuka. Nikampima kiuno akiwa amesimama anapiga mswaki: sentimita tisa zimepotea. Nikamburuta zahanati. Alipotoka kwenye chumba cha vipimo alikuwa na uso mkunjufu kabisa.

"Wamesemaje?"

"Kisukari."

"Kisukari! Na unacheka?"

"Sasa nilie nini? Si umesikia jina lenyewe? Ki-sukari. Ingekuwa kubwa wangeiita sukari. Hiki ni kile kidogo."

Nilimtazama usoni nikingoja acheke. Hakucheka. Mtu mzima, mtu ambaye riziki yake ni herufi, amelisoma jina la ugonjwa wake na kuona kwamba ile ki ya mwanzo ni ya udogo, kama kijumba na kikazi.

"Baba wee," nikamwambia pale pale nje ya zahanati, watu wanatuangalia. "Na kiharusi je? Kipindupindu? Na kifo nacho ni kidogo?"

Akafikiri kwa makini. "Kifo ni cha mara moja tu," akasema.

Jioni nikampigia simu binti yetu. Mwalimu wa watu akamweleza baba yake taratibu kwamba ki ya pale haina uhusiano na udogo. "Sawa, mwalimu wangu," akajibu, na simu ikiwa bado sikioni akajitilia sukari kwenye chai mara tatu. Nilipomkemea akasema ni vijiko tu, si upawa. Vidonge alivinywa siku alizovikumbuka, na alivikumbuka siku nilizopiga kelele.

Mwaka huu ndipo alipokanyaga msumari.

Alikuwa akiandika HATARI kwenye uzio wa mabati wa jengo linalojengwa. Mwandishi wa mabango hawezi kuandika bila kurudi nyuma. Anaandika herufi, anashuka ngazi, anarudi nyuma hatua kadhaa aione kwa mbali. Alikuwa amemaliza R. Akarudi nyuma aitazame, akakanyaga ubao wenye msumari, ukapita kwenye ndala mpaka mguuni. Akauchomoa, akafuta damu kwa kitambaa cha rangi, akapanda ngazi akaandika I. Haya yote niliyapata baadaye kwa mlinzi wa pale. Nyumbani nilichoona ni doa la damu kwenye ndala.

"Nini hiki?"

"Kuna kisumari."

"Kisumari kimefanya nini?"

"Si kitu. Hakiumi hata kidogo."

Jumamosi ya kwanza nilimkalisha kwenye kigoda, nikatoa tepu yangu shingoni, nikapima kidonda. Chini ya kidole gumba, sentimita moja. Nikaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, chini ya kiuno cha mlinzi wa benki. Jumamosi ya pili, sentimita moja na nusu. Jumamosi ya tatu, mbili na robo, pembeni pakiwa peusi, na kulikuwa na harufu ambayo sitaki kuieleza.

"Unakuza mambo," akasema.

"Mimi sikuzi, mimi napima! Angalia mwenyewe. Mbili na robo."

Akainama akaangalia. "Basi tepu imesinyaa."

Naapa nilitaka kumfunga na hiyo tepu.

Safari ya kwanza ya zahanati alikwenda peke yake, maana nilikuwa na sare arobaini za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Alirudi na bandeji mpya na furaha yake. Nikamuuliza kama amewaambia ana kisukari. "Hawakuuliza," akasema. Nikamuuliza kama ameongea chochote kule. Akasema wameongea vizuri sana na muuguzi kuhusu bango la zahanati, kwamba limepauka kidogo.

Safari ya pili nilikwenda naye. Chumba cha kufungia vidonda kilikuwa chembamba kama ujia, kwa hiyo muuguzi, msichana mpole, akaniomba nikae kwenye benchi nje ya pazia. Nikakaa na mkoba wangu mapajani, nikasikia yote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Kazi haikuchoshi?"

"Nimezoea, baba. Kidonda kina muda gani sasa?"

"Siku mbili tatu hivi."

Siku ishirini na tatu! Nilikuwa nazo kwenye daftari!

"Kinauma?"

"Hata kidogo."

"Una ugonjwa mwingine wowote?"

"Hakuna wa maana."

"Ana kisukari!" nikapiga kelele kupitia pazia. "Na ni siku ishirini na tatu!"

Nikasikia mume wangu akisema kwa sauti ya upole, "Msamehe, mwanangu. Mke wangu ana wasiwasi kidogo. Hicho kisukari kipo, lakini ni kidogo, na vidonge ninavyo." Na muuguzi akacheka! Si cheko la dharau, hapana, lile la huruma, la kumhurumia yeye kwa sababu yangu. Nimeshajifunza jambo moja katika maisha haya: mwanamke anayefoka akikaa karibu na mwanamume anayetabasamu, hakuna atakayemsikiliza mwanamke, hata akiwa ameshika tepu.

Tukapewa karatasi ya kwenda hospitali kubwa, tarehe ya wiki nne mbele. Nikaisoma nikiwa palepale kwenye benchi. Sababu ya kutumwa ilikuwa maneno mawili: "kidonda, mguu". Mtu wa pale hospitali akisoma hivyo, kwa nini aharakishe? Nikatoa kalamu mkobani nikaikata ile ki. Ikabaki donda.

"Unaharibu karatasi ya watu," akasema Mzee Sikitu.

"Sijaharibu. Nimetoa kiraka."

Asubuhi ya siku ya pili nilipofungua bandeji, kidole gumba kilikuwa cheusi chote, na cha pembeni yake kilikuwa kinafuata. Sikupiga kelele. Niliona kelele zangu zimeshachakaa, hazishoni tena kitu. Nilikwenda jikoni nikabandua karatasi nyuma ya mlango, nikaikunja pamoja na daftari la vipimo, nikamwambia, "Vaa shati. Twende."

"Tarehe bado, mama."

"Vaa shati!"

Hospitalini tulipokewa na daktari mwanamke aliyeonekana hajakaa chini tangu alipoamka. Akatazama ile karatasi ya zahanati, akatazama tarehe. "Mama, mbona mmewahi wiki nne nzima?"

"Daktari," nikamwambia, "kabla hujamuuliza mgonjwa wako neno lolote, naomba usome hii kwanza. Mume wangu si mwongo. Ila kila kitu anakisema kwa herufi ndogo. Binti yetu alitutengenezea hii ili tumwelewe."

Nikaitandaza mezani. Ilikuwa na madoa ya mafuta ya kupikia na kona moja imeliwa na mende. Daktari akaanza kusoma kwa kutimiza wajibu tu. Alipofika kwenye wageni kumi na mmoja akaanza kucheka, akaweka mkono mdomoni. Mume wangu naye akacheka, akamwonyesha M na E zilizopandana. Mimi sikucheka.

"Haya, baba," daktari akasema akijifuta macho. "Mguu una nini?"

"Kidonda tu, daktari."

Akatazama karatasi. Akamtazama yeye. Akavaa glovu, akafungua bandeji, na cheko likamtoka usoni.

Akachukua kijiuzi kigumu cha plastiki kilichochomekwa kwenye mpini, akamwambia mume wangu alale chali, atazame darini, na aseme kila atakapohisi anachomwa unyayoni. Mume wangu akatazama darini. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni, naona kila kitu. Daktari akachoma kisigino. Akachoma katikati ya unyayo. Akachoma pembeni, na pembeni nyingine, na chini ya vidole, mpaka ule uzi ukapinda.

Tukangoja.

"Uko tayari, baba?" daktari akauliza.

"Niko tayari. Anza tu."

"Nimeshachoma mara tano."

Pale ndipo hasira yote ya miaka thelathini na moja iliponishuka mpaka miguuni. Hakiumi hata kidogo, alisema, na mimi nikageuza maneno yake kama kawaida, nikadhani kinamuua kwa maumivu na yeye anaficha. Kumbe kwa mara ya kwanza alikuwa hajapunguza kitu. Mguu ulikuwa umekufa ganzi, na yeye aliniambia ukweli mtupu, sentimita kwa sentimita, na ukweli huo ndio uliokuwa mbaya kuliko yote.

Daktari akatueleza bila kuzunguka. Mgonjwa wa kisukari asiposikia maumivu mguuni, hiyo ndiyo hatari yenyewe. Tungengoja tarehe tuliyopewa, mguu usingekuwepo, na huenda hata mwenye mguu. Atapasuliwa kesho asubuhi. Vidole viwili lazima viondoke. Zaidi ya hapo hawezi kuahidi mpaka afungue aone uozo umefika wapi. Huenda ni vidole tu, huenda ni chini ya goti.

Chini ya goti. Niliwaza ngazi. Mtu wa mguu mmoja hapandi ngazi na kopo la rangi mkononi, na mume wangu nje ya ngazi simjui.

"Hivyo vidole viwili," mume wangu akauliza, "ni vile vidogo vya mwisho?"

"Dole gumba na jirani yake," akasema daktari.

"Dole gumba," akarudia. Nikamwona akilitafuta pa kulishika. Neno lilikuwa limeshatolewa ki yake.

Asubuhi ile walimvalisha lile gauni la hospitali linalofungwa mgongoni kwa kamba. Limeshonwa vibaya, kamba ya juu ilikuwa imeshikiliwa na nyuzi tatu. Nilikuwa nazifunga upya, kitanda kikiwa kimeshafika mlangoni mwa chumba cha upasuaji, aliponishika kifundo cha mkono.

"Mama."

"Ee."

"Naogopa," akasema. "Naogopa sana."

Sana. Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake likihusu jambo lake mwenyewe. Hata siku ya kunitaka aliniambia ananipenda "kwa kiasi chake". Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu tuoane. Nimelipigia kelele, nimelinunia, nimeliombea. Na sasa limekuja, nikatamani nimrudishie, alimeze, aniambie ni kidogo tu, tuendelee kugombana kama siku zote.

"Kamba hii imeshonwa vibaya," nikasema. Wakamsukuma ndani.

Nilikaa saa tatu na dakika arobaini kwenye benchi. Binti yetu alikuja, akakaa kando yangu, akashika daftari langu la vipimo bila kulifungua. Alipotoka daktari nilitazama miguu yake kwanza, sijui kwa nini, nadhani nilitaka kuona kama inatembea kwa haraka au polepole. Akasema vidole viwili, basi. Mguu umebaki. Akanirudishia karatasi yetu, imenyooshwa vizuri na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki. Nikalia mpaka binti yangu akaniambia, "Mama, punguza," na tukacheka sote wawili kama wehu.

Amerudi nyumbani sasa. Anatembea kwa fimbo, anainuka na kuyumba kwa sababu dole gumba, kumbe, ndilo linalomshika mtu asianguke. Ngazi amekatazwa mpaka daktari aseme. Anaandika mabango madogo uani, amekaa, ubao umeegemezwa ukutani, na anapotaka kuiona herufi kwa mbali ananiita mimi nirudi nyuma kwa niaba yake. "Inasomeka?" "Inasomeka." "R haijalala?" "Imelala." Kwa sababu mimi sipunguzi.

Watu wakipita kumjulia hali, anaanza, "Si k..." kisha ananitupia jicho, anameza mate, anasema, "Vidole viwili vimekwenda. Bado nayumba." Inamgharimu, naona. Wakiondoka anasema kwamba leo amechoka kidogo, na mimi nakwenda kutandika kitanda.

Alhamisi iliyopita nilibandika maharage, upepo ukawa unaupiga mlango wa jikoni, nikaufunga. Karatasi ilikuwa mahali pake, nilikwisha kuirudisha. Nilitaka tu kubonyeza kona iliyobanduka. Ndipo nikaona ile nafasi ya chini kabisa, upande wa kulia, iliyokaa wazi tangu binti yetu akiwa na miaka kumi na mitatu, imejazwa. Kwa brashi nyembamba kuliko zote alizonazo mume wangu, kwa ile rangi nyekundu ya HATARI. Herufi hazikuwa za shibiri, hazikuzidi ukucha.

Si kitu. Naogopa.

Nilisoma mara moja. Kisha nikamwona kijana mwenye rangi vidoleni, amekaa ukingoni mwa kitanda nyuma ya mgongo wangu, muda mrefu, kabla hajapata la kusema. Si kitu, mke wangu. Tupo. Wiki tatu nilimnunia mtu aliyekuwa anatetemeka, na sikugeuka hata mara moja nimtazame.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Nilikuwa nimeegemeza paji la uso kwenye mlango niliposikia sauti yake kutoka uani.

"Mama! Kuna kitu kinaungua kidogo huko."

Niligeuka. Jiko lote lilikuwa moshi mtupu, hata sufuria sikuiona.

"Si kitu," nikamjibu.

Nikasikia fimbo yake ikianza kuja.